Pikapu ya haibridi, tela na AWD: kabla hujaipakia meli kuja Tanga

Ford Maverick ndiyo pikapu ndogo ya haibridi, yaani ya injini ya petroli na mota ya umeme, inayowatoa wengi udenda Marekani. Inakula mafuta kidogo, ina bodi ya kubebea mizigo, na bei yake haitishi kama ya pikapu kubwa. Ndugu akiiona pichani, neno la kwanza ni "hiyo itavuta boti". Huenda ikavuta, huenda isivute. Gari mbili za aina hii zinaweza kufanana rangi, taa na hata harufu ya viti, moja ikavuta kilo 907 na nyingine kilo 1,814.

Anza na mwaka. Kuanzia toleo la 2022 hadi 2024, haibridi ilitoka na magurudumu ya mbele tu, na kikomo chake ni pauni 2,000, yaani hizo kilo 907. AWD, yaani magurudumu yote manne kuvuta, kwa miaka hiyo ilikuwa kwenye injini ya turbo ya lita 2.0, isiyo haibridi. Haibridi yenye AWD ilikuja na toleo la 2025, na hapo ndipo kifurushi cha kuvuta pauni 4,000 kilipopatikana kwenye haibridi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni haibridi ya 2023, AWD, inavuta tani mbili", ujue ama hajui anachouza ama anakujua wewe.

Kifurushi hicho si kile chuma cha nyuma peke yake. Kuna upoozaji ulioongezwa na nyaya za tela za pini 7. Kumpa fundi wa mtaani achomelee chuma kinene hakuongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari. Omba karatasi ya kiwandani inayoorodhesha vifaa vya gari hiyo hiyo kwa namba yake ya chesi, usome mwenyewe.

Na usukani. Maverick hutengenezwa na usukani wa kushoto tu. Ukiwa unavuta tela, na mbele yako kuna lori barabara ya Segera, dereva hawezi kuchungulia bila kulitoa gari zima nje ya mstari, na abiria wa kulia anageuka kuwa macho ya dereva. Kenya haisajili gari za namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo mpango wa "tutaisajili Mombasa halafu ivuke Horohoro" ufute. Kwa Tanzania, maliza suala la usajili na ushuru na TRA kabla ya kulipa hata dola moja ya gari.

Hesabu ya boti

Tuchukue boti ya faiba ya kawaida, ya kuvulia na kubebea wageni. Tela la ekseli moja kilo 250. Boti tupu kilo 450. Injini ya nje ya farasi 40 kilo 70. Petroli lita 50 ni kama kilo 37. Nyavu mbichi, nanga na kamba kilo 60. Barafu kilo 50. Jumla 917. Gari lenye kikomo cha kilo 907 limeshapitwa, na bado hakuna samaki hata mmoja. Nyavu ndizo zinazowadanganya watu: hupimwa zikiwa kavu, husafirishwa zikiwa zimelowa.

Uzito unaokaa juu ya ndoano uwe karibu asilimia 10 ya tela lote lililopakiwa, kwa mfano huu kilo 90. Kuupima hakuhitaji mtambo. Simamisha tela mahali tambarare, weka kigogo juu ya mizani ya kupimia watu, ushushe shingo ya tela juu yake ikiwa katika kimo kile kile cha ndoano ya gari. Ukisoma kilo 40, tela linaweza kuanza kucheza mkia ukiongeza mwendo. Sogeza mzigo mbele, au sogeza kizuizi cha pua ya boti. Likianza kuyumba barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, acha mwendo ushuke wenyewe. Kukanyaga breki ghafla ndiko kunakolifanya tela likugeuze.

Zile kilo 90 zinahesabiwa pia kama mzigo wa gari. Gari linabeba mpaka kilo 680, watu wakiwemo, kwenye toleo jepesi kabisa, na ya AWD hupungua kwa sababu mashine za nyuma zina uzito wake. Namba ya gari lako imeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, ongeza 90 za ndoano, kisha ndiyo uulize kama magunia ya mkaa yanaingia.

AWD inafanya nini hasa

Hii si fo-wili ya Land Cruiser. Haina gia nzito ya kupandia matope, na gari lenyewe halijakaa juu ya chesi kama Ford Ranger. Limejengwa kwa mtindo wa RAV4. Propela shafti inapeleka nguvu nyuma, na klachi iliyo kwenye difu ya nyuma inashika pale tu inapohitajika. Ukilazimisha gari dakika nyingi kwenye mchanga laini wa Ushongo, klachi hiyo inapata joto, mfumo unaiachia ijilinde, na unabaki na magurudumu ya mbele yanayochimba kaburi.

Mahali inapolipa gharama yake ni kwenye mteremko wa kushushia boti. Tela linagandamiza nyuma ya gari, na mteremko nao unaurudisha uzito nyuma. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kwenye gari la magurudumu ya mbele hayo ndiyo pekee yanayovuta. Ongeza utelezi wa mwani, tairi inazunguka hapo hapo. Bamvu za Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3; maji yakipwa, sehemu ya chini ya mteremko inabaki wazi, ya kijani, laini kama sabuni. Pandisha boti maji yakiwa yamejaa, tairi za gari zikae kwenye saruji kavu. Weka hali ya utelezi (Slippery), kanyaga mafuta polepole, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu papo hapo na mguu mzito unaizungusha tairi kabla haijashika.

Kabla ya kuingia majini, pumzisha tela juu dakika 15 au 20. Beringi zilizotoka Pangani zina moto. Ukizitumbukiza, hewa iliyo ndani ya habu inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na wiki chache baadaye gurudumu linalia. Chomoa plagi ya taa, kisha rudi nyuma. Ukimaliza, mwagia maji baridi habu, breki na tumbo la gari. Ukiona nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari, hizo ni za umeme mkubwa; fundi asizikwangue wala kuzifunga waya.

AWD inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama hata kidogo, na hapa ndipo pesa zinapotumika pabaya: mtu analipia AWD, halafu ananunua tela lisilo na breki. Ulaya tela lisilo na breki huishia kilo 750, nao ni mpaka mzuri kujiwekea hata huku. Kwa Tanga chukua tela lenye breki za kusukumwa, zile ambazo gari likipunguza mwendo shingo ya tela inajisukuma na kuzikaza. Hazihitaji kompyuta wala waya. Breki za umeme za Kimarekani ni nzuri, lakini sumaku zake hazipendi chumvi.

Kushuka Lushoto

Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka zaidi ya mita 900. Gari na tela la kabichi la jumla ya kilo 2,800 linaachia karibu kilowati-saa 7 njiani. Hata ukitoa inayoliwa na tairi na upepo, betri ya Maverick ina kilowati-saa 1.1 tu, na hujaa mapema. Hapo mfumo unaanza kuizungusha injini bila kuchoma mafuta ili iwe breki, na utasikia inanguruma kwa nguvu ilhali hujagusa mafuta. Si ugonjwa. Weka gia ya L, ya mteremko, na hali ya Tow/Haul, ya kuvuta tela, kabla ya kona za Soni, si baada ya kunusa harufu ya pedi.

Kupanda ni kinyume chake. Nguvu zote ni farasi 191, lakini injini peke yake ni 162. Betri ikiisha katikati ya mlima unabaki na hizo. Usishindane na Coaster. Na anayekuogopesha kwamba CVT, yaani giaboksi isiyo na hatua za gia, itakatika mkanda, mwambie hii haina mkanda. Ni gia za sayari kama za Prius, ambazo mafundi wa Tanga wanazijua.

Vitu vya kununua huko huko Marekani

Nunua kichwa cha ndoano cha milimita 50. Cha Marekani cha inchi 2 ni milimita 50.8, na tela nyingi za huku zina kikombe cha 50. Hiyo tofauti ndogo inazuia komeo kufunga sawasawa, na tela linaweza kuruka kwenye tuta.

Taa nazo: tela la Kimarekani hutumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa, la huku lina indiketa yake ya njano. Nunua kigeuzi cha nyaya. Plagi ya duara ya pini 7 ya huku haiingiliani na ya pini 7 ya Marekani, ingawa idadi ni ile ile.

Weka pia seti mbili za beringi na sili za tela, filta, na oili ya difu ya nyuma kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tairi nunua nne za aina moja. Mtindo wa kuweka mbili mpya mbele na mtumba nyuma unaifanya klachi ya AWD ifanye kazi muda wote kwa sababu mizunguko hailingani, na ikiungua, spea za Ranger hazitakusaidia.

Gari likizimika njiani, mwambie dereva wa bredauni alipakie juu, magurudumu yote manne hewani. Akininginiza mbele na kuburuza nyuma, anazungusha mashine ambazo hazikupaswa kuzunguka, na bili ya pili itakuwa kubwa kuliko ya kwanza.