Mwanaume, kabla hujaenda kuonyesha hicho kivimbe cha titi

Umekigusa wakati unaoga, kigumu, kimejificha nyuma ya chuchu, hakiumi, na tayari umeshajiambia ni jipu. Usikiminye kila siku na usisubiri kianze kuuma, kwani kansa ya titi mara nyingi huanza bila maumivu na sisi wanaume hapo ndo tunapochelewa. Kweli ni wachache, kama 1% hivi ya wagonjwa wote wa kansa ya titi, ila wapo.

Kabla ya kwenda chukua simu uandike: ulikiona lini, kinakua, chuchu imevutwa ndani, ngozi imejikunja, kwapani kuna tezi? Na damu kwenye chuchu, hata tone. Mathew Knowles, babake Beyoncé, alisimulia 2019 kwamba alianza kuona kidoa cha damu kwenye shati, kesho yake tena, mkewe naye akaona kwenye shuka. Alipopimwa akakutwa na kansa ya titi, tena na hitilafu ya BRCA2, jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya kansa hiyo.

Hitilafu ya hiyo jeni inarithiwa kwa baba au kwa mama, kwa hiyo mpigie shangazi, mpigie na mama mdogo, uliza nani aliugua titi, ovari au tezi dume. Najua kumuuliza shangazi habari za matiti ni mtihani, ila dokta atakuuliza na ukisema sijui umempunguzia taarifa kubwa. Dawa unazotumia beba na maboksi yake, hata zile za kujenga misuli za jimu ambazo hutaki mtu ajue, maana kuna dawa zinazokuza matiti bila kansa yoyote, spironolaktoni mojawapo. Kama ini linasumbua, sema, nalo linaweza kukuza matiti.

Vaa shati la vifungo, usipake deodoranti siku hiyo, inaweza kuchafua picha ya mamogramu, yaani eksirei ya titi (ndio, na wanaume tunapigwa). Wakiona cha kutiliwa shaka watachukua kinyama kwa sindano, unapigwa ganzi kwanza. Hapa kaza: mtu akikwambia tukitoe tu yaishe, muulize kinyama kinaenda maabara gani na majibu utapewa lini kwa maandishi. Ikiwa ni kansa uliza kama wamepima vipokezi vya homoni (sehemu za seli za kansa zinazopokea homoni), kwa sababu kansa nyingi za titi za wanaume hutegemea homoni na vidonge vya tamoksifeni husaidia.

Halafu jiandae, kwenye benchi watakuwa wamejaa kina mama na nesi atakuuliza umemsindikiza nani. Mwambie ni mimi.