Jinsi ya kufikisha hoja ya mtaa wako halmashauri

Mjini Tanzania, hoja ya mwananchi hupanda kutoka mtaa kwenda kata, kisha halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Ndivyo inavyofanya kazi mifumo ya Sheria Na. 8 ya 1982 ya mamlaka za miji. Hoja nyingi nzuri hufia njiani kwa sababu hazimo kwenye muhtasari wa kikao chochote.

Anza kwa kujua mwenye kazi ni nani. Taka, masoko, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, zahanati na shule za serikali za msingi na sekondari ni mambo ya halmashauri. Barabara za mitaani na mitaro yake ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji yako kwa mamlaka ya maji (Dar es Salaam ni DAWASA), umeme TANESCO. Watu humlaumu diwani miaka mitano kwa barabara ambayo halmashauri yake haijengi. Hoja ya barabara bado ipitie mtaani ipate nguvu ya wakazi, ila barua iandikwe kwa meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata.

Kisha ipeleke panapostahili. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi; uchaguzi wa karibuni ulikuwa 27 Novemba 2024. Afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, naye ndiye katibu wa vikao. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama. Anawafahamu watu na atakuelekeza vizuri, lakini hoja ukiiachia kwake haina njia rasmi ya kupanda.

Iandike kwa ukurasa mmoja, ombi moja. "Taka ni kero" haimsaidii mtu anayepanga bajeti. Sema kizimba cha kukusanyia taka kinahitajika wapi, kaya ngapi zitakitumia, eneo ni la nani, gari la taka linaweza kufika au la, na wakazi watachangia nini: nguvu kazi, mchanga, ulinzi. Suala la eneo ndilo linalokwamisha zaidi. Kama kiwanja kina mgogoro au ni cha mtu binafsi asiyekubali kwa maandishi, mradi utasimama hata fedha zikiwepo. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.

Omba iingizwe kwenye ajenda za mkutano mkuu wa mtaa kabla tangazo halijabandikwa. Ikisubiri "mengineyo", watu watakuwa wameshaanza kuondoka na akidi imevunjika. Mkutano huu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba, na kadi ya chama haiulizwi. Kabla mkutano haujafungwa, mwombe katibu asome azimio kama alivyoliandika. Hapo ndipo maneno kama "wananchi wameomba wafikiriwe" hurekebishwa yakawa "mkutano umeazimia kijengwe kizimba kimoja eneo fulani".

Kutoka hapo azimio huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, kwa hiyo mwenyekiti wako aende na muhtasari uliosainiwa mkononi. Halmashauri nayo hulipitisha azimio kwa wataalamu, kamati za kudumu na mwisho Baraza la Madiwani.

Angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Mtaa ukiazimia kufikia Oktoba, uko salama. Ukiazimia Machi, huenda ukasubiri mwaka mzima zaidi. Dharura kama kivuko kilichokatika haingoji bajeti: iende siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kata na diwani.

Baraza la Madiwani hukutana kila miezi mitatu, na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Kwenye mbao za matangazo soma mapato na matumizi, na mchango wowote ukatiwe stakabadhi. Ukikosa majibu, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri ukiambatisha nakala yako yenye muhuri na muhtasari wa mkutano.