Kuutambua Mwani wa Kuletwa na Kuuzuia Usisambae Nje ya Shamba

Mwani unaolimwa Zanzibar na katika pwani ya Tanzania Bara ni wa kundi la mwani mwekundu, ingawa shambani huonekana wa kahawia, wa kijani au wa manjano. Kwa hiyo mkulima asiitambue mbegu yake kwa rangi, bali aangalie matawi. Spinosum, ambayo jina lake la kitaalamu ni Eucheuma denticulatum, ina vijiba kama miiba vilivyopangika kwa pete kuzunguka tawi. Cottonii, yaani Kappaphycus alvarezii, ina matawi manene na laini yasiyo na pete hizo.

Zote mbili zimo katika familia ya Solieriaceae, na cottonii iliwahi kuhesabiwa kuwa Eucheuma mpaka mwaka 1988, Maxwell Doty alipoitengea jenasi yake (kundi dogo ndani ya familia), yaani Kappaphycus. Mgawanyo huo una maana hata sokoni, kwani karajini (ute wa kugandisha unaotolewa kwenye mwani) ya cottonii, iitwayo kapa, huganda ikawa ngumu, ilhali ile ya spinosum, iitwayo aiota, huganda ikabaki laini. Ndiyo maana mzigo uliochanganywa humharibia mnunuzi kazi, na mkulima anayeanika aina mbili kwenye chanja moja hujipunguzia thamani ya jasho lake.

Mbegu za kilimo hiki zililetwa kutoka Ufilipino mwaka 1989, zikapandwa Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bahari yetu tayari ilikuwa na mwani wake wa asili wa jenasi hizo hizo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwani wa kuletwa sasa unaota pia nje ya mashamba, na kwa macho ni vigumu sana kuutofautisha na wa asili. Ukishachanganyika nao kwenye miamba, hakuna mkulima atakayeweza kuuchambua, kwa hiyo kazi yote ya kuuzuia hufanyika shambani.

Mwani huu husambaa hasa kwa vipande. Tunaupanda kwa kukata tawi na kulifunga, na bahari hufanya vivyo hivyo bila kutuuliza: tawi lililovunjwa na upepo wa kusi, au kung'atwa na samaki aitwaye tasi likadondoka, linaweza kukwama penye mwamba na kukua. Katika ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, ambako Kappaphycus ilipelekwa miaka ya 1970, na katika kisiwa cha Kurusadai, India, mwani wa jenasi hiyo ulifunika matumbawe hai na kuyanyima mwanga. Hatuna sababu ya kusubiri tuyaone hayo kwetu, kwani matumbawe ndiyo mazalio ya samaki tunaowategemea.

Chagua eneo la mchanga lililo mbali na matumbawe na nyasi bahari. Funga tai-tai, yaani kijikamba cha kufungia tawi kwenye kamba ya shamba, imara kiasi cha kulishika tawi bila kulikata, na usiache fungu likawa zito hadi likavunjika lenyewe. Katika hali nzuri, wiki sita zinatosha kwa kuvuna. Maji ya bamvu yanapokupwa sana, zungukia shamba na upande ule mkondo unakoelekea, uokote vipande vyote na kuvianika. Mbegu dhaifu au yenye ugonjwa isirudishwe baharini kwa namna yoyote. Ipelekwe nchi kavu. Mbegu ya kisiwa kingine isichukuliwe kienyeji, hata kama jirani anaisifu, kabla ya kumshirikisha ofisa wa uvuvi, kwa kuwa pamoja nayo huweza kuja vijimwani vingine na maradhi.

Shamba linapoachwa, ng'oa vigingi, kamba na mwani wote uliobaki. Shamba lisilo na mwangalizi huendelea kumwaga vipande kila kupwa na kujaa, na hakuna anayeviokota.