Kabla Hujatundika Kabati la Chuma Ukutani mwa Karakana

Watu wengi huanza na kabati. Wameliona, limewapendeza, milango imenyooka na kitasa kina ufunguo. Wanalileta nyumbani, ndipo wanapouliza litakaa wapi na litabeba nini. Nakuomba uende kinyume chake: vitu kwanza, ukuta wa pili, kabati liwe la mwisho.

Siku isiyo na mvua, toa kila kitu nje ya gereji ukitandaze chini. Spana zikae na spana, bisibisi na bisibisi, vya umeme peke yake, rangi na mafuta kando kabisa. Utakuta koleo tatu zinazofanana na makopo ya rangi iliyokwisha kuganda. Usivipe nafasi ukutani. Kisha pima kila rundo. Mizani ya kupimia uzito wa mwili inatosha: panda ukiwa umebeba ndoo ya vyuma, halafu toa uzito wako. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona muhimu kuliko zote, kwa sababu chuma hudanganya macho. Lita moja ya maji ina kilo 1, lakini pande la chuma la ujazo huohuo linakaribia kilo 8. Makopo 20 ya lita moja yaliyojaa misumari yanaweza kupita kilo 40, na ukiyapanga hayamalizi hata rafu mbili.

Ukishapata jumla, ongeza uzito wa kabati lenyewe. Huo ndio mzigo ambao ukuta utabeba. Kisha nenda ukutani.

Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi zilipo. Nyaya zilizofukiwa mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo, au hupita mlalo, kwa hiyo usitoboe juu yake, chini yake wala pembeni yake kwenye usawa huohuo. Ukitumia drili ya betri unaweza kuzima umeme wa chumba kabisa, na ndivyo ninavyoshauri. Skrubu ikigusa waya wenye moto, kabati zima la chuma linakuwa na umeme, pamoja na kitasa unachokishika kila siku.

Sasa toboa tundu moja la majaribio, mahali ambapo kabati litapafunika, huku umebandika karatasi nyeupe chini yake. Tazama vumbi linaloanguka. La kijivu linaloendelea kutoka hadi mwisho ni saruji imara. Jekundu ni tofali la kuchoma. Likianza la kijivu kisha drili ikatumbukia ghafla, ni tofali la saruji lenye uwazi ndani. Jeupe laini kama unga, halafu uwazi, ni jipsamu. Kila ukuta una kishikio chake, yaani kifaa kinachoingia tunduni kushikilia kabati. Saruji imara hukubali bolti zinazotanuka ndani ya tundu. Tofali lenye uwazi huweza kupasuliwa na bolti hizohizo, kwa hiyo tafuta kishikio kinachofunguka kwa nyuma. Kwenye jipsamu usitegemee bodi yenyewe hata kidogo. Tafuta nguzo za mbao au za chuma zilizo ndani, mara nyingi kila sentimita 40 au 60, ufunge ubao mnene unaovuka nguzo mbili au tatu, kisha kabati lifungwe kwenye ubao huo.

Kabati langu la kwanza nililifunga kwa skrubu za sentimita 4, na karibu nusu ya urefu huo iliishia kwenye lipu. Halikuanguka. Baada ya miezi miwili niliona ufa mwembamba kama ukucha kati ya ukuta na ukingo wake wa juu, na juu ya meza vumbi la kijivu nililokuwa nikilifuta kila wiki bila kujiuliza linatoka wapi. Nililipakua na kulishusha siku hiyohiyo.

Kinachotokea ni hiki: kabati lililojaa linataka kuinamia mbele, likizungukia ukingo wake wa chini. Skrubu za juu ndizo zinazong'olewa, na kadiri kabati linavyotokeza mbele ndivyo zinavyovutwa. Lenye kina cha sentimita 45 linazivuta mara moja na nusu ya lile la sentimita 30, urefu na mzigo ukiwa sawa. Ndiyo maana napendelea kabati lisilo na kina kirefu, vizito vikae rafu za chini na vigande nyuma. Tundu nalo lisafishwe vumbi kabla ya kuingiza kizibo cha plastiki, maana kizibo kilichozungukwa na vumbi hakishiki.

Unene wa bati uuulize. Ukitajiwa namba ya geji, kumbuka namba ndogo ndiyo bati nene: geji 18 ni takriban milimita 1.2, geji 24 ni takriban 0.6.

Kuhusu mahali, ingiza gari, fungua milango yake yote, halafu chora umbo la kabati ukutani kwa chaki, pamoja na mlango wake ukiwa wazi. Kama kuna meza ya kazi chini yake, acha sentimita 45 au zaidi katikati, upate nafasi ya kuinamia jiliwa, kile kibano cha mezani, bila kugonga kichwa.

Unyevu unahitaji kufikiriwa mapema. Ukuta wenye madoa ya maji utibiwe kwanza, na kabati lisigandane nao kabisa. Vipande vyembamba vya plastiki nyuma yake huacha hewa ipite. Tindikali ya kusafishia vigae isiingie kwenye kabati la vifaa hata ikiwa imefungwa, kwa kuwa mvuke wake huleta kutu kwenye patasi na tupa. Petroli isiwekwe humo, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke, kwani vikikunjwa pamoja vinaweza kujipasha moto vyenyewe hadi viwake. Sumu na vyenye makali vikae nyuma ya mlango unaofungwa, na ufunguo usiachwe kitasani.

Likishatundikwa na pima maji ikakubali, chora mstari mwembamba wa penseli ukutani, ukifuata ukingo wa juu. Jaza nusu ya vitu, ngoja siku mbili, angalia mstari na upitishe ukucha nyuma ya ukingo. Ukucha usipoingia, jaza nusu iliyobaki, na urudie kuangalia baada ya mwezi.