Meli ya Bukoba mwezi wa kumi: abiria watakuwa wengi kiasi gani?

Mdogo wangu anataka kumpeleka mama Bukoba kwa meli, akanipigia kuuliza kama mwezi wa kumi huwa imejaa. Nilimjibu kwa kifupi, lakini baada ya kukata simu nikaona swali lake linastahili jibu refu zaidi, maana wengi wetu hapa Mwanza tunapanga safari ya Ziwa Victoria kwa kuangalia nauli tu.

Anza na kalenda ya shule. Sehemu kubwa ya Septemba, Oktoba na Novemba watoto wako darasani, na familia nyingi hazisafiri. Hali hugeuka Desemba. Shule zinafungwa, Wahaya wanakwenda kwao kula Krismasi, na kila mtu ana begi, ndoo na mtoto mgongoni. Kama safari yako inaweza kusogea, isogeze iwe kabla ya wimbi hilo. Kama haiwezi, nunua tiketi mapema na uhakikishe una tiketi ya kurudi pia, kwa sababu Januari watu wale wale wanarudi kwa pamoja.

Siku ina uzito kuliko mwezi. MV Victoria, ambayo ipo ziwani tangu 1961 na ilirejea safarini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, imeundwa kubeba abiria 1,200. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo imejengwa kwa idadi hiyo hiyo. Kwa hiyo safari moja ikifutwa kwa hitilafu au hali ya hewa, walioachwa wote wanahamia safari inayofuata, hata kama ni katikati ya Oktoba tulivu. Piga simu bandarini siku moja kabla, uliza kama safari iliyopita iliondoka. Upande mwingine, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi la Bukoba halisubiri tena kivuko pale. Mimi naamini wenye haraka watazidi kuchagua barabara, na meli itabaki kwa wenye mizigo na wanaotaka kulala njiani wakaamka wamefika.

Kwa mzee kama mama yetu, mchukulie chumba. Vyumba ni vichache, ndivyo vinavyoisha kwanza, hata usiku ambao sehemu ya tiketi za daraja la tatu ina nafasi ya kunyoosha miguu. Ukikosa, fika bandarini mapema upate kiti mbali na mlango na mbali na ngazi, uchukue shuka zito. Upepo wa saa nane usiku unapita kwenye kitenge kana kwamba hujavaa kitu. Vuli nayo huwa imeanza, na ngurumo za Ziwa Victoria hupenda kuja usiku hadi alfajiri. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujafunga begi, na anayechafukwa na moyo anywe dawa yake kabla ya kung'oa nanga, asingoje atapike.

Sasa nikae hapa kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo. Meli kujaa si kosa. Kosa ni kuzidi. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa njiani kuelekea Mwanza, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Baadhi yao wamezikwa makaburini Igoma, na mtu wa Mwanza hapiti pale bila kukumbuka. MV Nyerere, kivuko cha kisiwa cha Ukara chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka 20 Septemba 2018, miezi hii hii tunayoiita tulivu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugorora, kivuko kilikotokea. Walikufa zaidi ya watu 220. Kwa hiyo kama unakwenda visiwani, uliza siku ya gulio kabla ya kuuliza nauli.

Hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, la mtoto pia, hata wa kubebwa. Usinunue tiketi ya mtu mwingine kwa mlanguzi getini, maana likitokea jambo, ndugu zako watatafuta jina ambalo halipo. Ukishapanda, kabla hujatandika mkeka, tafuta jaketi okozi zilipo, uchukue moja mkononi. Mwaka mmoja nilizikuta kwenye kivuko kimoja zimefungwa fundo kwa kamba ya katani, fundo lililokauka hadi kucha zangu zikashindwa kulifungua. Nikamwita baharia, akaja na kisu akaikata kamba. Usione haya kumwita. Na ukiona njia za kutokea zimezibwa na magunia, au watu wamesimama mpaka ukingoni, shuka. Nauli itapotea, najua ni hela, lakini shuka, umshushe na mama.

Alfajiri mtapitia Kemondo, bandari iliyo kabla ya Bukoba. Hapo wengine wanashuka, wengine wanahangaika na mizigo, na usingizi unakatika. Mwache mama alale. Mkifika Bukoba utaona watu wote wamesimama kwa mara moja na kusukumana upande wa gati. Walionusurika MV Nyerere walisimulia kwamba ndivyo ilivyokuwa kilipokaribia kufika: watu walihamia upande mmoja. Kaeni. Mama ashike begi lake dogo, wewe shika mkono wake, msubiri ngazi ipungue watu. Bodaboda zitakuwepo.