Fimbo za karpe zibaki Ulaya

Wa kwanza kunaswa na chambo changu Bukavu alikuwa mpwa wangu wa miaka mitano. Nilikuwa nimetoa sandukuni kilo tano za vidonge vya kuvulia karpe, samaki wa mabwawa ya Ulaya, vile ambavyo wauzaji wa Ubelgiji wanaviita bouillettes: vyekundu, vya mviringo, vinanukia stroberi. Nikaviacha juu ya meza ya mama pale Nguba. Kugeuka hivi, mtoto ana kimoja mdomoni, anatafuna huku amekunja uso. "Mjomba, bonboni zako zina samaki ndani." Kweli, ndani ni unga wa samaki. Mama akaja, akainua mfuko kuupima kwa mkono, akauliza: "Kilo tano za chakula cha samaki, na sabuni hukuleta?"

Naandika haya kwa ninyi mlioko Liège, Lille, Köln na kwingineko, mliozoea kushinda Jumamosi nzima kando ya bwawa mkingoja karpe, na sasa mnapanga likizo nyumbani mkiwaza kumchukua rafiki wa zamani mkashinde naye kwenye ziwa Kivu. Wazo ni zuri. Nimelifanyia kazi mara tatu, na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu.

Kabla ya fimbo, njia. Tangu Februari 2025 mji wa Bukavu uko chini ya waasi wa AFC/M23, na habari za barabara, benki na uwanja wa ndege wa Kavumu hazikai mahali pamoja. Kabla hujalipa tiketi mpigie simu mtu anayelala Bukavu, si mtu anayesoma habari za Bukavu. Wengi wetu tunashuka Kigali, tunapita barabara ya msitu wa Nyungwe hadi Kamembe, kisha tunavuka mto Ruzizi. Katika safari ya hivyo, bomba la fimbo la karibu mita mbili ni mzigo unaoulizwa maswali. Langu lilifunguliwa mara tatu njiani, na vile vidude vya umeme vinavyolia samaki akivuta mshipi vilihitaji maelezo marefu kuliko pasipoti yangu. Fimbo ya safari inayokunjika ikalala ndani ya sanduku inatosha kabisa.

Sasa, kwa nini vifaa vya karpe havifai. Karpe ni samaki wa matope. Anachimba chini, ananyonya chakula, anakitema, anakinyonya tena. Ndiyo maana kule tunaweka kidonge pembeni ya ndoana kwenye kauzi kembamba kama unywele, tukatia risasi ya gramu 80 au 100: akikinyonya kidonge, ndoana tupu inaingia nacho, na akishtuka kukimbia uzito wa risasi unamchoma mdomo. Mshipi unatambaa, kidude kinalia, wewe unatoka hemani na kikombe cha kahawa mkononi. Ni uvuvi wa mtu aliyelala.

Kivu haina mambo hayo. Karpe hayumo. Kando ya mji utakuta tilapia, samaki wadogo wa kwenye mawe, na kambale sehemu zenye matete. Ufuko mwingi unashuka ghafla, na chini ni mawe ya volkeno yenye ncha na mianya. Asubuhi yangu ya kwanza nilirusha mbali, kwa fahari, mita sabini hivi. Nikapoteza risasi sita kabla ya saa tatu. Na hata risasi isiponaswa, mbali hakuna maana. Kivu ina kina cha mita 485 panapozidi, lakini hewa ya kumtosha samaki iko katika mita 60 hivi za juu tu; chini ya hapo ni maji yenye gesi, hakuna anayeishi. Tilapia unayemtaka yuko karibu na miguu yako.

Rafiki yangu tuliyesoma naye alikuja na mti wa mwanzi, mshipi wa mita nne, chelezo cha kipande cha kandambili na kopo la nyungunyungu. Alikaa juu ya jiwe hatua kumi kutoka kwangu. Mimi nilikuwa na fimbo mbili juu ya vyuma vyake, zimepangwa kama za maonyesho. Yeye alirusha tonge la ugali uliolala, likasambaa majini kama wingu, akangoja kidogo, akashusha ndoana katikati ya lile wingu. Kandambili ikacheza mara mbili, ikalala ubavu. Tilapia. Kufika saa nne alikuwa na kumi na mmoja kwenye ndoo. Akaniangalia, akaangalia vidude vyangu vilivyonyamaza, akasema: "Ndugu yangu, hao unaowangojea, wana namba yako ya simu?"

Basi beba hivi. Ndoana ndogo, namba 10 hadi 14, kwa wingi, maana mdomo wa tilapia ni mdogo na ndoana ya karpe haiingii. Mshipi wa milimita 0.20 kwa ajili yako, na magurudumu mawili matatu ya 0.25 na 0.30 ya kugawa. Risasi ndogo za kubana kwa meno, vyelezo vichache vyembamba, koleo la kutolea ndoana. Basi. Chambo usibebe hata gramu moja. Nyungunyungu wako kwenye kila shamba la migomba, na ugali wa jana uko kila jiko. Wenyeji wanaukanda na unga kidogo mpaka ushike ndoana bila kuyeyuka haraka, na ukishindwa kuukanda usione haya, mpe mtoto wa jirani akufanyie.

Cha kutoka nacho Ulaya chenye faida kweli ni jile, yaani jaketi ya kuokoa. Ile ya kujijaza hewa ni nyepesi, lakini ina mtungi wa gesi, kwa hiyo uliza kampuni ya ndege kwanza; ya povu inachukua nafasi ila haina maswali. Mkipanda pirogi, yaani mtumbwi, vaa, na ulete ya pili kwa ajili ya mwenzako, kwani akikuona wewe umevaa na yeye hana atacheka na kukuambia amezaliwa juu ya maji. Wengi waliozama walizaliwa juu ya maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka ikikaribia kufika Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka nchi kavu, na makumi walikufa. Asubuhi Kivu ni kioo. Karibu na saa sita upepo unaamka, na msimu wa mvua, Septemba hadi Mei, dhoruba inashuka mlimani bila kubisha hodi. Ingieni saa kumi na mbili, muwe nje ya maji kabla ya chakula cha mchana.

Na mkiwa ndani ya pirogi, kumbuka mpaka uko majini. Hauna ukuta wala kamba, na kutoka Bukavu Rwanda iko karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa. Mwachie mwenye pirogi aamue mwisho ni wapi, hata kama samaki wanaruka hatua ishirini mbele. Usipige picha ya kila boti na kila askari. Drone iache Ulaya pamoja na fimbo.

Mahali pa kukaa ni shida kuliko samaki. Bukavu ina rasi zake zilizoingia ziwani kama vidole, Muhumba, Nguba, La Botte, lakini sehemu kubwa ya ukingo ni parseli, viwanja vya watu, zina ukuta na sentineli wa kulinda. Usimpite sentineli. Msalimie, mwambie wewe ni mtoto wa nani, omba. Mara nyingi atafungua na atakuonyesha jiwe lenye samaki, kwa sababu yeye mwenyewe anavua hapo jioni. Epuka mahali mto Kawa unapoingia ziwani na takataka za mji, epuka pia eneo Ruzizi inapotokea: chupa za plastiki zinajaa huko mpaka zinasumbua mitambo ya bwawa la umeme. Mimi hapo sivui, na nikivua sili. Kuhusu kibali, uliza chifu wa mtaa kabla ya siku yenyewe, ukiwa na rafiki yako, si peke yako na lafudhi yako ya Ulaya. Muulize pia kama ziwa limefunguliwa, kwani kuna vipindi uvuvi unasimamishwa samaki wazae.

Rafiki yako. Hapa ndipo watu wetu wengi wanaharibu. Siku anayoshinda nawe ziwani ni siku ambayo hakwenda kazini, na kwa mtu anayekula leo alichokipata leo hilo si jambo dogo. Hatakuambia. Usimlipe mbele ya watu kama kibarua, na usimwache arudi mikono mitupu ati kwa sababu ni rafiki. Mimi naacha bahasha kwa mke wake: "Shemeji, hii ya sukari ya watoto." Mwenye pirogi yeye mpatane bei usiku wa kuamkia siku yenyewe, pamoja na kama mtarudi na samaki nani anachukua wangapi. Ukija na dola, ziwe mpya zisizo na mpasuko. Noti iliyochanika kidogo tu watakurudishia.

Halafu kuna jambo la kurudisha samaki majini. Wavuvi wa karpe wa Ulaya karibu wote wanamrudisha: wanamlaza kwenye godoro lake, wanampiga picha, wanambusu, kwaheri. Ufaransa hata sheria inamkataza mvuvi wa burudani kusafirisha karpe mzima wa zaidi ya sentimita 60. Desturi imenikaa mikononi. Mwaka wa pili nilipata tilapia mzuri, mpana kama kiganja changu na nusu yake. Nikamwinua, rafiki akapiga picha, na mkono wangu wenyewe ukamwachia majini. Watoto waliokuwa wakitazama wakanyamaza wote. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu pembeni akasimamisha sindano yake. "Mwanangu," akasema, "kama hukumtaka, ulimwitia nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Wadogo kabisa rudisha, na jike ukimkuta na watoto mdomoni rudisha pia, kila mtu ataelewa kwani tilapia hulea vifaranga mdomoni na wavuvi wanajua. Wengine weka kwenye ndoo. Kuna nyumba zinazoingoja hiyo ndoo.

Kuwapika ni kazi fupi: mkate mistari mitatu ubavuni, chumvi, mafuta ya moto kwenye mbabula, pilipili, ugali wa muhogo, lengalenga kama zipo. Kuleni palepale mkononi. Usilete vikolezo vya dukani.

Kama una usiku mmoja wa ziada, omba mkatazame wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa. Pirogi tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zinawashwa na sambaza wanaifuata nuru. Wanaume wanapiga makasia kwa wimbo, na sauti inafika mpaka mjini. Chagua usiku usio na mbalamwezi, kwani mwezi ukiwaka taa haina kazi na wengi hawatoki. Sambaza wenyewe ni wageni kama sisi: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba si wa hapa anaweza kukukasirikia. Vaa koti. Tuko mita 1,460 juu ya bahari, na saa tisa za usiku juu ya maji meno yanagongana.

Fimbo zangu mbili za karpe ziko bado Nguba, chini ya kitanda cha mama. Kidude kimoja kinafanya kazi: rafiki yangu alikifunga kwenye mlango wa banda la kuku, mshipi ukipita juu ya gurudumu lake, na mwizi akigusa mlango mtaa mzima unaamka. Kinatumia betri ya volti 9, ile ya pembe nne. Ukija kabla yangu, mbebee mbili.