Chunusi za paji la uso: anza na mafuta ya nywele

Kama chunusi zako zimejipanga pale nywele zinapoanzia, kabla hujanunua dawa yoyote angalia unachopaka kichwani. Mafuta mazito ya nywele hushuka na jasho, huziba vinyweleo, na usiku huhamia kwenye foronya. Paka kidogo, usifikishe kwenye paji, ulale umefunga kitambaa na ukifue mara kwa mara.

Uso unaoshwa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, bila dodoki. Duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi (dawa ya chunusi ya kupaka) ya asilimia 2.5, inafanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 lakini haichomi ngozi kama hiyo. Huchujisha rangi ya nguo, kwa hiyo tumia taulo jeupe. Ipe wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili, ngozi ndiyo kwanza inazoea.

Kwenye chakula, punguza soda, juisi za sukari na maandazi. Sukari ikipanda haraka kwenye damu, insulini (homoni inayoshusha sukari) nayo hupanda na kuchochea mafuta ya ngozi. Kuna ambao maziwa pia huwaletea shida.

Na mkorogo, tafadhali usiuguse. Krimu nyingi za aina hiyo huwa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe: uso hutakata siku chache, kisha chunusi hurudi kwa fujo na ngozi imeshakuwa nyembamba. Chunusi zikiwa kubwa, zinauma na zinaacha makovu, muone daktari wa ngozi mapema.